Picha safi kwenye simu, giza kwenye karatasi: kasoro ilianzia wapi?

Swali: Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa huku Mbale, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Tumeandaa ripoti ya mwaka ya kurasa 38 za A4 yenye picha 60 hivi. Nyingi zilipigwa kwa simu na wanachama, wakanitumia kwa WhatsApp. Nikazipanga katika Word na kutoa PDF. Kwenye kompyuta na kwenye simu ripoti inapendeza, lakini kurasa za mfano tulizochapiwa Nasser Road, Kampala, zimetufedhehesha. Picha ya jalada ina ukungu, nyuso za akina mama ni giza tupu, sare za bluu za watoto wa shule tunayoifadhili zimekuwa zambarau, na nembo ya chama ina kingo za meno. Mchapaji anasema PDF yetu ni mbaya. Kijana aliyetusaidia anasema mashine ya mchapaji ni mbovu. Nani mkweli, na tufanye nini kabla ya kuchapa nakala 500?

Jibu: Ndugu Katibu, hata bila kuwaona watu hao wawili naweza kusema kwamba kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. PDF yenu kweli ina kasoro, ila haikuzizaa; ilizipokea na kuzitunza kama ilivyopewa. Mashine nayo huenda haina ubovu wowote, kwa sababu kasoro nne ulizozitaja zina vyanzo vinne tofauti, na karibu vyote vilianzia kabla faili haijaondoka Mbale. Nimeandaa faili za uchapaji katika mtaa huo kwa miaka mingi, na karibu kila wiki huingia mteja aliyeinua simu yake juu ili tuone kwamba huku picha iko sawa. Hadanganyi. Kioo cha simu kinatoa mwanga wake chenyewe, ilhali karatasi haina mwanga. Inaturudishia tu ule wa dirishani au wa taa, tena baada ya wino kuupunguza. Anayeandaa picha kwa ajili ya karatasi hana budi kuukumbuka upungufu huo katika kila hatua, tangu picha inapopigwa.

Nianze na jalada, kwa kuwa kasoro yake inaelezeka kwa hesabu. Picha ya dijitali haina sentimita. Ina pikseli tu, yaani vidoa vidogo vya rangi, na sentimita huzaliwa pale unapoamua ichapwe kwa upana gani. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297, na kwa kuwa picha ya jalada inajaza ukurasa mpaka ukingoni, ni lazima izidi kwa milimita 3 kila upande, ile ziada ambayo wachapaji huiita blidi, ili kisu kikiyumba kidogo wakati wa kukata usibaki mstari mweupe pembeni. Kwa hiyo picha inapaswa kufunika milimita 216 kwa 303, yaani inchi 8.5 kwa 11.9 hivi. Uchapaji mzuri wa ofseti, yaani ule wa mashine kubwa inayochapa kwa bati lenye sura ya ukurasa, unataka pikseli 300 katika kila inchi, na ukizidisha utaona kwamba jalada lenu linahitaji picha ya pikseli zipatazo 2,550 kwa 3,580. Sasa linganisha na mlichonacho. Picha inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida mara nyingi humfikia mpokeaji ikiwa na pikseli zipatazo 1,600 upande wake mrefu, na pikseli hizo zikitandazwa juu ya inchi 11.9 zinabaki 134 tu kwa inchi, chini ya nusu ya kinachotakiwa. Simu iliyopiga picha hiyo, kama ni ya megapikseli 12 kama zilivyo nyingi, ilitengeneza picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000, ambayo juu ya jalada hilo hilo ingetoa zaidi ya pikseli 330 kwa inchi. Picha mliyoihitaji ilikuwepo, na pengine bado imo katika simu ya aliyeipiga.

Namba 300 si ya kimuujiza, na ni vizuri kujua inakotoka ili usiifuate pasipokuwa na haja. Mashine ya ofseti haijui wino mzito na wino mwepesi. Inajua kuweka wino au kutouweka. Rangi nyepesi hupatikana kwa nukta ndogo zilizozungukwa na weupe wa karatasi, na rangi nzito kwa nukta kubwa zinazokaribia kugusana. Weka kioo cha kukuzia juu ya shavu la mtu kwenye ukurasa wa mfano mliochapiwa, utaona kwamba shavu halipo: zipo nukta za sayani (bluu yenye ukijani), majenta (waridi kali), njano na nyeusi zilizopangwa kwa mistari. Kwenye karatasi ya kung'aa mistari hiyo huwa 150 hivi kwa inchi, na desturi ya kazi ni kuipa kila nukta pikseli mbili kwa upande, ndipo tunapopata 300. Gazeti lenye mistari 100 linatosheka na pikseli 200. Bango linalotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara linaweza kuridhika na 100 au hata pungufu, na anayekudai pikseli 300 kwa bango la mita sita anakuchosha bure.

Hesabu hiyo hiyo itawapunguzia kazi. Picha ya ndani inayokaa katika safu ya sentimita 8 inahitaji pikseli 945 tu za upana, kwa hiyo picha ya WhatsApp yenye pikseli 1,600 inatosha kwa idadi, na ingetosha hadi sentimita 13 na nusu ikiwa imelazwa. Msiwasumbue wanachama kwa picha zote 60. Tafuteni kwanza picha halisi ya jalada, kisha zile zinazojaza nusu ya ukurasa au zaidi, kisha zile mlizokata ili kubakiza sehemu ndogo, kwani ukikata picha ya pikseli 1,600 ukabakiza uso wa mtu mmoja, huenda umebaki na pikseli 300 bila kujua.

Nimesema zinatosha kwa idadi, maana WhatsApp haipunguzi pikseli peke yake; inaibana pia picha kwa mtindo wa JPEG uliokazwa. JPEG huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kutupa, ndani ya kila mraba, maelezo ambayo jicho halitarajiwi kuyakosa. Ikibanwa kwa kiasi, hasara haionekani. Ikikazwa, miraba huanza kujitokeza, hasa katika anga tupu, na kingo zenye mabadiliko makali, kama nyuzi za gunia au majani ya mbuni yaliyosimama mbele ya mawingu, huzungukwa na uchafu mfano wa vumbi. Kila mara picha inapofunguliwa, kurekebishwa na kuhifadhiwa tena kama JPEG, hasara mpya huongezwa juu ya ile ya zamani. Ndiyo maana nawashauri wateja wangu waitunze picha ya asili bila kuigusa, wafanye marekebisho kwenye nakala, na nakala hiyo waihifadhi kama TIFF, mtindo usiotupa maelezo, au katika faili la programu yenyewe mpaka kazi iishe.

Namna ya kuzipata picha za asili si ngumu. Mwanachama akitaka kutumia WhatsApp, aitume picha kama hati, kwa kupitia sehemu ile ile anayotumia kutuma barua au PDF, nayo itafika ilivyo. Anaweza pia kutumia baruapepe. Na kama intaneti ya kijijini ni ya kusuasua, flashi iliyofungwa katika bahasha na kukabidhiwa basi hufika Mbale mjini ikiwa na kila pikseli. Picha ya skrini, yaani ile ambayo mtu ameifungua picha kwenye simu kisha akaipiga tena kwa simu hiyo hiyo, ikataliwe kabisa.

Kuna mtego mmoja ambao naukuta kwa vijana wengi wanaojifunza kazi hii. Wakiambiwa kwamba picha iwe 300, hufungua programu, hukuta imeandikwa 72, huandika 300 mahali pake na kuhifadhi. Hawajafanya lolote. Ile namba ni lebo tu inayosema pikseli zilizopo zisambazwe vipi. Picha ya pikseli 600 ikiandikwa 300 ni picha ya sentimita 5, na ukiivuta hadi sentimita 20 lebo haitakuokoa. Wengine huiamuru programu iongeze pikseli, nayo huzibuni kwa kukadiria kati ya zile zilizopo, ukapata ukungu uleule kwa ukubwa mpya. Kukuza kwa asilimia 20 au 30 kunavumilika. Zipo siku hizi programu za akili bandia zinazobuni maelezo yenyewe, na kwa ukuta au jani sina ugomvi nazo. Lakini kwa uso wa mwanachama nazikataa, kwani nimewahi kuona mzee akirudishiwa meno aliyokwisha kuyapoteza.

Sasa nije kwenye nyuso za akina mama, jambo ambalo ningetamani kila anayeshika kazi hii nchini Uganda alielewe kuliko yote niliyosema hapo juu. Kasoro ya giza ina sababu tatu zinazobebana.

Ya kwanza hutokea shambani. Mama anasimama mbele ya anga jeupe la saa sita mchana, simu inapima mwanga wa picha nzima, inaona weupe mwingi na kupunguza mwanga, na uso unabaki kivulini. Dawa yake haina gharama: mpiga picha aguse uso kwenye kioo cha simu ili simu ipime mwanga hapo, amgeuze mhusika aelekee kwenye mwanga au amsimamishe kwenye kivuli cha wazi, na kama kuna gunia jeupe au shuka karibu, mtu mwingine alishike chini ya kifua ili lirudishe mwanga usoni. Picha iliyopigwa hivyo imeshashinda nusu ya vita.

Ya pili ni wino. Nukta ya wino ikigandamizwa kwenye karatasi hutanuka, na toni ya asilimia 50 katika faili huonekana kama asilimia 65 hivi kwenye karatasi ya kung'aa, na zaidi ya hapo kwenye karatasi ya bondi inayonyonya. Uso mweupe huishi katika asilimia ndogo, na kutanuka huko unakuvumilia. Uso mweusi huishi katika asilimia 60, 70 na 80 za wino kadhaa kwa pamoja, na hapo kutanuka kidogo tu huziunganisha nukta, mkunjo wa shavu ukapotea, mpaka wa pua ukapotea, ukabaki na doa. Profaili ya rangi, yaani faili linaloieleza programu jinsi wino na karatasi fulani vinavyotoa rangi, ikiwa sahihi huuhesabia mtanuko huo mapema. Profaili isiyo ya karatasi yenu haiuhesabii.

Ya tatu ni macho yetu wenyewe. Kompyuta nyingi huachwa na mwanga wa juu kabisa, na picha iliyo nzito huonekana nyepesi. Hapa nina deni la kukiri. Miaka ya mwanzo niliandaa kijitabu cha mahafali, nikazitazama picha usiku, taa ya chumbani ikiwa imezimwa na skrini ikiwaka kama kurunzi, nikaridhika nazo na kuziruhusu ziende kwenye pleti, yaani lile bati la mashine. Asubuhi ya pili nilisimama pembeni ya mashine na kuona wahitimu wanatoka mmoja baada ya mwingine wakiwa na majoho mazuri, kola safi, na juu ya kola hakuna mtu. Tulizitupa karatasi zote zilizochapwa kwa pleti ile, na gharama yake niliilipa mimi. Tangu siku ile skrini yangu naipunguza mwanga mpaka ukurasa mtupu ulingane na karatasi nyeupe niliyoishika kando yake, na natazama picha mchana.

Kurekebisha, kwa hiyo, ni kufungua rangi za kati. Katika GIMP, ambayo ni ya bure, au katika Photoshop, chukua zana ya mikunjo ya toni (Curves), shika katikati ya mstari na uinue kidogo, ukiacha ncha ya weusi na ncha ya weupe mahali pake. Usitumie kitufe cha kuongeza mwangaza kwa picha nzima, kwani hicho huosha hata kivuli kinachostahili kuwa kizito, na mama anatoka akiwa amepakwa vumbi. Lengo si kumfanya mtu mweupe. Nimeona majarida yakifanya hivyo na ni utovu wa heshima. Lengo ni kwamba mng'ao wa paji la uso, mfupa wa shavu na ukingo wa mdomo uonekane, na ngozi ibaki ilivyo. Picha ikishageuzwa kuwa ya wino, mimi hupima shavu lililo kivulini kwa zana ya kuchovya rangi: nataka njano na majenta zikaribiane, njano ikizidi kidogo, sayani iwe nyuma yao, na wino mweusi usivuke asilimia 40 hivi. Hiyo ni kanuni yangu ya kazini, wala si sheria ya mtu. Mwenye jicho zuri atapata yake.

Suala hilo linatuingiza katika sare zilizogeuka zambarau. Simu na kompyuta huunda rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu, mfumo unaoitwa RGB. Karatasi huipata rangi kwa wino nne, yaani CMYK, na eneo la rangi ambalo wino hizo zinaweza kulifikia ni dogo kuliko lile la mwanga. Bluu kali ya sare za shule ni miongoni mwa rangi zinazobaki nje ya uwezo wa wino. Programu inapolazimika kuigeuza, huchukua sayani nyingi na majenta karibu sawa nayo, na mchanganyiko huo kwenye karatasi ni zambarau. Anayerekebisha kwa mkono huishusha majenta. Sayani 100 na majenta 60 au 65 hutoa bluu ambayo mzazi ataitambua kuwa ni sare ya mwanawe. Kijani cha majani ya migomba baada ya mvua nacho hufifia, na hapo hakuna ujanja mkubwa isipokuwa kukubali mapema na kutofautisha vizuri mwanga na kivuli. Wekundu wa buni zilizoiva, habari njema, hutoka vizuri sana kwa majenta na njano, na kwa ripoti ya chama cha kahawa hiyo ni neema.

Ni nani anayepaswa kugeuza rangi? Kama mnaacha picha katika RGB, ugeuzaji utafanywa na programu ya mchapaji, kwa mipangilio iliyokutwa humo, bila mtu kutazama, na naamini ndivyo ilivyotokea kwenu. Mpigieni simu mchapaji na mumuulize mambo mawili: karatasi gani itatumika, na anataka profaili gani ya rangi. Akiwatajia FOGRA39 au nyingine, tumieni hiyo. Akisema hajui, ombeni yeye ageuze lakini awaoneshe kurasa tatu zenye nyuso kabla ya kutengeneza pleti. Mpate pia kutoka kwake kikomo cha wino kwa jumla, kwa kuwa wino nne zikiwekwa kwa ukamilifu zingefika asilimia 400, na hakuna karatasi inayokausha mzigo huo. Kwenye karatasi ya kung'aa kikomo huwa 300 hadi 330, na kwenye karatasi ya gazeti 240 hivi. Ukizidisha, karatasi zinachafuana mgongoni zikiwa zimepangwa.

Nembo ni habari fupi. Kingo za meno zinaonesha kwamba mlichonacho ni picha ya pikseli, pengine iliyokatwa kutoka kwenye barua yenye kichwa cha chama. Nembo inapaswa kuwa mchoro wa mistari ya hesabu, yaani faili la SVG, EPS au PDF lililochorwa katika CorelDRAW, Illustrator au Inkscape, ambalo likikuzwa hadi ukubwa wa ukuta halivunjiki. Mtafuteni aliyeichora. Akikosekana, fundi yeyote mzuri wa Nasser Road ataichora upya kwa muda mfupi, na mtaitumia miaka yote ijayo. Sahihi ya mwenyekiti iskaniwe kama mchoro mweusi kwa pikseli 1,200 kwa inchi, wala isipigwe kwa simu. Chati za mapato mlizotengeneza katika Excel zisibandikwe kama picha. Ziingizwe zikiwa michoro, ili namba zake zibaki kali.

Baada ya ukubwa wa mwisho kujulikana, na si kabla, picha inolewe kidogo. Karatasi hulainisha kila kitu, kwa hiyo picha ya kuchapwa inapaswa kuonekana kali kupita kiasi kidogo kwenye skrini. Ngozi isinolewe sana.

Word ni chombo cha kuandikia barua na ripoti, nayo hufanya kazi hiyo vyema, lakini kwa kawaida yake hupunguza picha unapohifadhi, mara nyingi hadi pikseli 220 kwa inchi, bila kukuuliza. Katika mipangilio ya programu, sehemu iitwayo Advanced, kuna mahali pa kuizuia isibane picha. Pawashwe kabla ya kuingiza picha ya kwanza, kwa sababu iliyokwisha kubanwa hairudi. Picha ziingizwe kutoka kwenye folda, zisinakiliwe kutoka kwenye kivinjari au WhatsApp. Hata ukifanya hayo yote, Word hutoa rangi za RGB, na herufi zake nyeusi zikigeuzwa ovyo zinaweza kupewa wino zote nne badala ya mweusi peke yake. Moja ya migeuzo ya kawaida hutoa sayani 75, majenta 68, njano 67 na nyeusi 90, jumla asilimia 300 kwa ajili ya herufi iliyo nyembamba kama uzi, na mashine ikisogea kidogo sana utaona kila herufi ina kivuli cha rangi. Maandishi ya kawaida yawe nyeusi 100 na sifuri kwa nyingine. Kwa ripoti yenye picha 60 mimi ningehamia Scribus, programu ya bure inayoijua CMYK na kutoa PDF za uchapaji. Kijana wenu atahitaji siku mbili au tatu za kuizoea. Kama muda hautoshi, bakini na Word, ila mumpe mchapaji picha zote za asili katika folda, zikiwa na majina ya kurasa, azibadilishe mwenyewe.

Wakati wa kutoa PDF, chagueni kiwango cha PDF/X-1a au PDF/X-4, kulingana na anachokubali mchapaji. Cha kwanza hukataa RGB, hulazimisha fonti zote ziingizwe ndani ya faili na hakiruhusu uwazi, yaani tabaka zinazoonesha vilivyo chini yake. Ni kikali, na mashine za zamani hukipenda. Cha pili huruhusu uwazi na rangi zenye profaili, na karakana zenye vifaa vipya hukipendelea. Blidi ya milimita 3 iwashwe, na ubanaji wa picha uwe ule usio na hasara, au JPEG ya kiwango cha juu kabisa.

Kisha kagueni, na msikague kwa kutazama ukurasa mzima, kwani ukurasa mzima kwenye skrini daima hupendeza. Kuna programu ndogo ya bure iitwayo pdfimages, ambayo ukiiamuru iorodheshe, hukupa jedwali la kila picha iliyomo katika PDF. Safu za x-ppi na y-ppi hukuonesha pikseli kwa inchi kama picha ilivyowekwa kwenye ukurasa, na safu ya rangi huandika rgb, cmyk au gray. Nikifikiria faili lenu, ningetarajia mstari wa kwanza, ule wa jalada, usome 134 na rgb, na mstari huo peke yake ungemaliza ubishi kati ya mchapaji na kijana wenu. Picha yoyote iliyo chini ya 200 itazamwe upya: ipunguzwe ukubwa kwenye ukurasa, au itafutwe ya asili, au iondolewe. Zile za kati ya 200 na 300 kwa kawaida huponea, hasa za watu waliosimama mbali kidogo na zisizo na maandishi. Baada ya hapo fungueni PDF kwa ukuzaji wa asilimia 300 na mpite kwenye nyuso tu.

Prufu ya mwisho, yaani nakala ya majaribio, ichapwe kwenye karatasi ile ile itakayotumika. Mchapaji akiwapa prufu ya mashine ya dijitali ilhali kazi itafanyika kwenye ofseti, iaminini kwa maandishi na mpangilio, lakini kwa rangi ichukulieni kama makadirio. Itazameni mlangoni, kwenye mwanga wa mchana. Katibu na mwenyekiti waweke sahihi juu yake, na nakala moja ibaki kwenu. Siku ya kupokea nakala 500 mtazilinganisha nayo.

Faili la uchapaji msilitume kwa wanachama, litamaliza vifurushi vyao. Toeni PDF ya pili yenye picha za RGB za pikseli 150 kwa inchi, bila blidi, nayo itafunguka kwenye simu yoyote.

Jambo moja mlilosahau kuuliza: ripoti yenu ina kurasa 38, na kitabu cha kukunjwa na kupigwa pini katikati huhesabiwa kwa manne. Mna kurasa mbili za kujaza, au mchapaji atawaachia nyeupe mwishoni. Kama picha ya asili ya jalada ikipatikana, ningeupa mmoja wa kurasa hizo picha nyingine kubwa kutoka kwenye simu ile ile, maana aliyepiga ile ya kwanza huenda alipiga kumi siku hiyo na kuwatumia moja tu.